Usimwanike Leo

Ndoo ile niliishuku tangu nilipoiona. Ilikuwa imewekwa penye pengo la ua wa mianzi, upande wetu, asubuhi moja baada ya kumzika Shangazi Yudita pale Mjimwema. Ilijaa mahindi makavu hadi mdomoni, na katikati ya mahindi yalichomoza mapeasi machache, magumu, ya kijani, kana kwamba aliyeyavundika alitaka yaonekane. Wanawake waliokuwa wakimenya viazi jikoni waliitazama ndoo, kisha wakanitazama mimi. Hakuna aliyeuliza imetoka kwa nani. Upande wa pili wa ua anakaa Kolumba, na Mjimwema nzima inajua kwamba kitu cha Kolumba hakipokelewi. "Sista, tuimwage?" mmoja akaniuliza. Nikasema iacheni, nikaibeba mwenyewe hadi chumba cha uani, nikaisukuma chini ya kitanda. Sikufanya hivyo kwa wema. Kitu ninachokishuku napenda kikae karibu nami, mahali ambapo naweza kukichungulia.

Wananiita Sista kwa sababu nilikuwa muuguzi Makambako mpaka nikastaafu, na uuguzi, kwa wasioujua, ni kazi ya kushuku. Mgonjwa anakwambia ni mafua tu, wewe unamtazama kucha. Mama anasema mtoto ameanguka, wewe unatazama nani anamjibia mtoto. Watu wanadhani nilijifunza hayo chuoni. Hapana, nilijifunza ndani ya nyumba hii, kwenye chumba hikihiki chenye ukuta wa mbao unaopitisha kila neno, mwaka ule niliomaliza kidato cha nne nikaletwa Njombe kukaa na Shangazi. Nilipolala usiku wa kwanza juu ya ndoo ya Kolumba, harufu ya mahindi ikipanda, mwaka wote ulinirudia bila kualikwa.

Mume wa Shangazi, Mjomba Festo, alikuwa amefariki mvua zilipokuwa zinaanza. Nilitumwa nikae naye mpaka matanga yaanuliwe, na shemeji zake walikuwa wameamua matanga yasianuliwe mpaka mvua ziishe na barabara ya Makambako ikauke. Mimi nilikuwa na shabaha yangu. Mchungaji wa usharika wao aliahidi kunisemea kwenye chuo cha uuguzi, kwa hiyo nilikuja na sweta mbili, Biblia, na tabia njema ya kutosha kuonekana na mchungaji kila Jumapili. Nilijua nikiharibu jina langu pale Mjimwema, chuo nimekikosa, nami nitarudi Makambako kuuza vitumbua stendi. Nililinda jina hilo kuliko nilivyolinda afya yangu.

Sasa niseme juu ya bustani, maana nikisema watu tu nitakuwa nimedhulumu nusu ya mwaka ule. Huku kwetu kuna kipindi kifupi ambapo mvua zimechoka lakini baridi kali haijafika. Asubuhi ukungu unalala bondeni, mchana jua ni la kuota mgongo, na jioni unaanza kulitafuta jiko la mkaa. Bustani ya Shangazi wakati huo ilikuwa nzuri hadi inatia wivu. Maboga yalikuwa yamepanda juu ya paa la banda la kuku. Njegere za mwisho zilikauka kwenye fito zikipasuka zenyewe. Majani ya viazi yalianguka chini, ishara kwamba vilivyo ardhini vimekomaa, nasi tulivichimba kwa mikono ili tusivijeruhi, udongo mweusi ukiingia chini ya kucha na kukaa humo wiki nzima. Mifyulisi ilipukutisha majani ya njano. Na kule mwisho, ukiwa umeegemea ua wa Kolumba, ulisimama mpeasi mkubwa alioubebesha Mjomba Festo mwenyewe alipokuwa kijana, kwa kisu kidogo cha mpini wa mfupa, akiunganisha kitawi cha peasi la wamisheni kwenye shina la kienyeji.

Mapeasi yale hayaivi mtini. Yakiachwa yanaoza kuanzia ndani, wewe ukiona ganda zima. Yanachumwa yakiwa magumu kama mawe, na kikonyo chake, yanafutwa kwa kitambaa, kisha yanavundikwa ndani ya mahindi makavu na kuachwa. Pipa la mahindi lilikuwa chumbani kwangu. Baada ya siku kadhaa harufu ilianza kutoka, kwanza kidogo, halafu ikajaa kwenye blanketi, kwenye nywele, hata kwenye maombi yangu ya jioni. Shangazi aliingia, akazamisha mkono kwenye mahindi hadi kwenye kiwiko, akapapasa, akatoa moja, akalibonyeza karibu na kikonyo. Lililoiva alilikata vipande viwili, akanipa kile kikubwa, tukala tumesimama, maji yakitiririka mkononi. Sijala tunda lolote tangu wakati huo nikafurahi namna ile. Lakini kabla hajaling'ata alilikagua pande zote, na mimi nikajifunza kukagua.

Maana Shangazi alikuwa mtu wa kushuku mpaka raha. Ukimsalimia kwa uchangamfu alijiuliza unataka nini, na ukimsalimia kwa unyonge alijiuliza umefanya nini. Sukari aliifungia kabatini pamoja na vitabu vya nyimbo. Matawi yote ya mpeasi yaliyoelekea kwa Kolumba aliyafunga uzi mwekundu wa sufu, na fundo lake lilikuwa lake peke yake. Alizungusha uzi, akaupitisha chini, akaurudisha kinyume, akaacha ncha moja ndefu na nyingine fupi. Alinifundisha siku moja ya mvua, tumekaa jikoni tunakula viazi vya kuchemsha na chai. "Mtu mwingine akilifungua hili," alisema, "hataweza kulirudisha lilivyokuwa. Nasi tutajua." Nilifurahi kuhesabiwa kwenye hilo neno nasi.

Kolumba alikuwa Mpangwa, Mroma, mjane tangu ujana, na mgema wa ulanzi, ile pombe ya mianzi. Kwa nyumba ya Kilutheri kama yetu hayo yalitosha. Nyuma ya jiko lake palikuwa na kichaka cha mianzi, na wakati wa mvua ungemwona asubuhi akikata ncha na kufunga vyombo vya kukingia, akijiimbia. Shangazi aligombana naye juu ya mapeasi kila baada ya siku chache, kwenye lile pengo la ua, kwa sauti ya kufika barabarani.

"Wewe Kolumba! Mapeasi yangu yameota miguu?"

"Yameota mabawa, Mama. Mimi naokota yanayotua."

"Utayaokota na aibu yako!"

"Aibu naiacha kwako, huku sina pa kuiweka."

Majirani walicheka na kusimama kusikiliza. Mimi nilisimama nyuma ya Shangazi nimekunja mikono, nikimchukia Kolumba kwa niaba yake, na kazi hiyo niliifanya kwa moyo. Jambo moja niliona nikalipuuza. Shangazi alikwenda kugomba akiwa amejitanda shuka zito, ameliminya mbele kwa mkono mmoja, hata siku za jua. Nilidhani ni msiba unampa baridi.

Nyumbani kilichopendwa kuliko bustani kilikuwa sanduku la bati chini ya kitanda chake. Alilifungua Jumapili, tukitoka kanisani, mlango umefungwa kwa komeo. Ndani mlikuwa na miwani ya Mjomba Festo, mkono mmoja umefungwa waya; saa yake ya mkononi iliyosimama; kile kisu cha kubebeshea; na juu ya vyote koti lake la sufu, zito, rangi ya majivu, alilopewa alipokuwa msimamizi kwenye mashamba ya miwati. Koti hilo Mjimwema yote ililijua. Shangazi alilitoa, akalikung'uta, akaingiza uso kwenye kola, akakaa hivyo kwa muda mrefu. Mara ya kwanza niliona haya, nikageuka ukutani. "Bado ananuka," aliniambia. Hakusema linanuka. Nilikuwa nimefaulu Kiswahili kwa alama nzuri na nilitaka kumsahihisha, bahati nikamwona macho.

Shemeji yake, Mjomba Elia, alifanya biashara ya mbao Makambako, na alikuja mara nyingi mno kwa mtu mwenye shughuli. Aliletewa kuku, akala, akalala na mkewe chumba cha kati, na ule ukuta wa mbao ukanipa mazungumzo yao yote. "Koti ni langu," alisema. "Mimi ndiye ninayemfuata kaka. Koti, saa, vyote. Siku ya kuanua tutafungua sanduku." Mkewe akauliza, je, mjane akikataa? Elia akacheka puani. "Akatae mbele ya wazee? Ni desturi, wala si mimi." Na kweli ilikuwa desturi. Vitu vya mwanamume vilirudi kwa ndugu zake, na mjane aliyeng'ang'ania alionekana ana tamaa au ana jambo analolificha. Asubuhi Shangazi aliwapikia uji wa ulezi, akawasindikiza hadi barabarani akitabasamu. Aliporudi alifunga sanduku kwa kufuli ya pili. Nikajua kuwa chumba chake nacho kilikuwa na ukuta wa mbao.

Baada ya hapo vitu vikaanza kupotea. Miwani ndiyo ilianza. Shangazi alitoka chumbani kaweka mikono kichwani, akasema mbele ya mama wa kanisa waliokuja kusali, "Miwani ya Festo haipo." Halafu ikawa saa. Halafu kisu. Kila mara alilia kwa sauti, kila mara kulikuwa na mashahidi, na kila mara mimi niliogopa, kwa sababu mle ndani tulikaa wawili. Sikuiba. Lakini kutokuiba hakusaidii kitu ukiwa ni wewe uliye karibu na sanduku. Nilianza kuchunguza. Nilinyunyiza unga mlangoni nione nyayo, nikapata za kuku. Nilimshuku Elia, nikamshuku mkewe, nikawashuku mama wa kanisa. Zaidi ya wote nilimshuku Kolumba, kwa sababu ya pengo la ua na kwa sababu ilikuwa raha kumshuku. Lilipopotea koti nililia mimi, Shangazi hakulia.

Matanga yalianuliwa siku ya baridi yenye jua kali. Wazee walikaa kwenye mabenchi bustanini, mchungaji katikati, mapeasi ya mwisho yakiwa mtini kwenye matawi yenye nyuzi nyekundu. Sanduku lilitolewa nje likafunguliwa. Mlikuwa na shati la kanisani na viatu. Elia alisimama. Hakupaza sauti, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. "Shemeji, koti la kaka liko wapi?" Shangazi akasema limepotea. "Limepotea, au limefichwa?" Mtu akakohoa. Shangazi akarudia kwamba vitu vimekuwa vikipotea, na kwamba mama wa kanisa ni mashahidi. Elia akatikisa kichwa polepole, halafu akageuka, akanitazama mimi niliyeshika birika la chai. "Humu ndani mnakaa wangapi?"

"Wawili," Shangazi alisema.

"Na huyu binti si huwa anapanda gari kwenda kwao Makambako, na kapu? Nami nakaa Makambako. Pale hakuna kitu kisichouzwa."

Niliona mchungaji akinitazama kama mtu anayepima upya kitu alichokwisha kukinunua. Nikamtazama Shangazi. Neno moja lake lingetosha. Mdomo wake ulifunguka, ukabaki wazi, na halikutoka neno. Nimeona watu wakifa, nimewashika mikono, lakini sijasikia kimya kilichoniumiza kama kile. Birika liliniunguza na sikuliweka chini.

Ndipo mianzi ikatikisika, na Kolumba akapenya kwenye pengo, mikono yake ina povu la sabuni hadi kwenye viwiko. Kumbe muda wote alikuwa anafua na kusikiliza. Hakumsalimia mtu. "Mwacheni mtoto," alisema. "Nilichukua mimi."

"Ulichukua nini?" mchungaji akauliza.

"Koti. Saa, miwani, kisu. Na mapeasi, ila hayo mnayajua."

"Viko wapi?"

"Nimeviuza. Makambako, mnadani. Walionunua siwajui."

Palitokea kelele ambazo siwezi kuzieleza. Wapo waliotaka kumpeleka kwa mwenyekiti wa mtaa, wapo waliotaka kumpiga. Mwisho walimchukulia mbuzi wake wa maziwa wakampa Elia kuwa fidia, na Elia akamkubali huku akisema mbuzi si koti. Shangazi aliangua kilio hadi akashikwa na wanawake wawili. Watu walisema analilia koti la mumewe. Mimi nilimshukuru Mungu kwamba mwizi amepatikana, nikalala usingizi mzito. Kabla baridi haijaisha nilikuwa chuoni.

Kitu kimoja tu kilinisumbua, na kilinisumbua kwa miaka. Jioni moja kabla sijaondoka, Elia akiwa amekuja tena kula kuku, nilikwenda kuchuma mboga ya maboga nikamkuta Shangazi amesimama kwenye pengo la ua. Hakuwa anagombana. Alikuwa ananong'ona. "Usimwanike leo," alisema. "Elia yupo." Upande wa pili sauti ya Kolumba ikajibu, "Haya." Nilirudi jikoni na mboga zangu. Kumwanika mtu ni kuitoa siri yake hadharani, hilo nililijua. Nani wa kuanikwa, ambaye ndugu yake hatakiwi kusikia, kama si Mjomba Festo? Nikayapanga yote vizuri sana. Kolumba mjane, Mjomba Festo jirani, mpeasi unaoegemea upande wake. Kulikuwa na jambo kati yao, na yule mwizi sasa anamtishia Shangazi kulitangaza. Ndiyo maana Shangazi haendi kumshtaki. Nilijisifu kwa akili hiyo, na kusema kweli niliishi nayo hadi uzeeni.

Na kila nilipokwenda kumtembelea Shangazi, mwisho wa mvua, ushahidi uliongezeka. Alikuwa anatoa kigoda chake bustanini mchana wa jua, anakiweka chini ya mpeasi, anaelekeza uso kwa Kolumba, na kukaa. Hakusuka, hakuchambua maharage. Alikuwa ametulia tu, macho yamebana, akitazama kule nyuma ya jiko la jirani ambako mimi niliona kamba ya nguo na mashuka ya kawaida. Nikimletea chai aliinywa bila kugeuka. "Unamlinda mwizi wako?" nilimtania mara moja. Akaniambia, "Nyamaza, Leah, kaa hapa jua zuri." Nikakaa naye nikala peasi, nikamlinda mwizi pamoja naye. Hadharani wale wawili hawakusalimiana hata siku moja. Kolumba alizeeka akiitwa mwizi. Sokoni wanawake walisogeza vikapu vyao akipita, na nilisikia kwamba hata kwenye jumuiya yao ya Kikatoliki hawakumpa tena ufunguo wa sanduku la sadaka.

Mapeasi ya ile ndoo yaliiva. Nilizinduka alfajiri chumba kizima kinanuka mwaka ule, na sikuweza tena kujifanya sijali. Nikavuta ndoo, nikazamisha mkono kwenye mahindi hadi kwenye kiwiko, kama alivyokuwa akifanya Shangazi, nikapapasa. Chini ya mapeasi vidole vyangu vikagusa kitambaa. Nikatoa kifurushi, halafu kingine, halafu cha tatu. Miwani yenye mkono wa waya. Saa. Kisu cha mpini wa mfupa. Wazo langu la kwanza, nalisema kama lilivyokuwa, ni kwamba nimemkamata. Hakuviuza! Amevikalia vyote, na sasa kifo kimemtisha anavirudisha kama mtu anayetupa nyama iliyooza. Nilianza hata kupanga maneno. Halafu nikatazama jinsi vilivyofungwa.

Uzi ulikuwa umefifia, mwekundu umekuwa rangi ya udongo, lakini fundo lilikuwa lilelile. Limezungushwa, limepitishwa chini, limerudishwa kinyume, ncha moja ndefu na nyingine fupi. Sikumfundisha mtu yeyote fundo lile, na Shangazi alinifundisha mimi tu. Nilikaa sakafuni mahindi yamenizunguka. Nililiona lile shuka zito alilojitanda siku za jua, mkono ukiwa umeminya mbele. Nilizisikia zile kelele za mapeasi yenye miguu, ambazo hakuna jirani angeshuku kwamba zilisemwa ili mikono ifanye kazi yake chini. Nikamkasirikia maiti, nikamkasirikia sana. Aliniacha nimesimama na birika la moto mbele ya wazee.

Sikungoja chai. Nilipita kwenye pengo, jambo ambalo sikuwahi kulifanya maisha yangu yote. Kolumba alikuwa amekaa mlangoni pa jiko lake anapukuchua njegere, amekonda, mgongo umepinda, macho mazima. Nikamsalimu kwa adabu ya huku, "Kamwene, Mama." Akaitikia, akanisogezea kigoda, wala hakuonyesha kushangaa.

"Alikupa mwenyewe," nilisema.

"Kwa mkono wake."

"Kwa nini ulisema uliiba?"

Alipukuchua ganda lingine kwanza. "Ulikuwa umesimama na birika. Yudita akafungua mdomo. Akisema kweli, Festo anaondoka na Elia. Asiposema, wewe unaondoka na jina la mwizi. Nilimwona amekwama, mwanangu. Mtu akikwama unamkwamua, hukai kuuliza nani alimsukuma." Akanitazama. "Na mimi walikwisha kunishuku siku nyingi. Niliwapa tu walichokuwa wanakingoja."

"Lakini miaka yote hii! Ungesema baadaye, Elia alipozeeka, hata kwa padri."

"Nilisema mara moja, wote wakaniamini," alisema, na akacheka kidogo. "Ningesema mara ya pili, nani angeniamini? Na Yudita angeulizwa nini mbele ya usharika wake? Alinisihi mwenyewe nimwache aseme, alipokwisha kuzeeka. Nikamkatalia. Nikamwambia tulia, jua ni zuri."

Hapo nikamuuliza nililokuwa nimelibeba tangu ujana. Sikuzunguka. Nilimuuliza kulikuwa na nini kati yake na Mjomba Festo, na ni siri gani aliyotaka kuianika hata Shangazi akamsihi asiianike, Elia yupo. Kolumba alinitazama kama mtu anayesikiliza lugha ya mbali. Halafu akashika ukuta, akainuka, akaingia ndani. Alitoka amebeba koti la Mjomba Festo kwenye mikono yake miwili, kama unavyombeba mtoto aliyelala.

"Huyu," alisema. "Si sufu, anataka jua? Asipoanikwa anapata wadudu. Mvua zikiisha namwanika hapo kwenye kamba, namziba kwa mashuka upande wa barabara. Upande wa kwenu naacha upenyo mwembamba, sawa na kigoda chake." Akanyoosha kidevu kuelekea ua. "Yudita anakaa pale chini ya mpeasi, anamtazama mpaka jua liondoke. Kila mwaka. Ila akija Elia ananiambia, na mimi simwaniki."

Nililia pale mlangoni pa jiko la Kolumba, mtu mzima, muuguzi, ninayejua kutazama kucha za watu. Miaka mingapi nilikaa kando ya Shangazi kwenye kile kigoda cha pili, nikila peasi, nikitazama mashuka! Nilikuwa natafuta mwizi. Nikaingiza uso kwenye kola. Palikuwa na moshi wa jiko, na mahindi, na mapeasi, na kama kulikuwa na kitu kingine mimi siwezi kukijua, aliyekijua tumeshamzika.

Shangazi tulimwanulia matanga juzi, mvua zikiwa zimekatika vizuri. Mabenchi yaliwekwa palepale. Majirani walikuja, mchungaji mpya, kijana, alikuja, na Mjomba Elia aliletwa na gari kutoka Makambako, sasa anatembelea fimbo, masikio yake mazito, lakini macho bado ya muuza mbao. Kabla hawajaketi nilikuwa nimefunga kamba kutoka kwenye mpeasi hadi kwenye banda la kuku, nikalitundika koti katikati, vishikizo vyote vimefungwa. Halafu nilitoka kwa lango la mbele, nikazunguka barabarani mbele ya kila mtu, nikarudi nimemshika Kolumba mkono. Alikuwa amevaa kilemba cha misa. Wanawake walisogeza vikapu vyao, kwa mazoea. Nikamketisha kwenye kigoda cha Shangazi, nikachukua peasi kutoka kwenye ndoo yake, nikaling'ata bila kulikagua.

Elia alikuwa ameshaliona koti. Aliinuka na fimbo yake, akalisogelea, akashika mkono wa koti kwa vidole viwili, akaunusa. "Hili liliibwa," alisema. "Mwizi alisema mwenyewe, nilikuwepo. Nani kalianika hapa?"

Benchi zima likanitazama, kama lilivyonitazama mwaka ule. Nilimeza kwanza. Kisha nikamjibu kwa sauti ya kumfikia masikioni, na ya kufika hadi barabarani.

"Hakuna aliyeiba, Mjomba. Tumemwanika. Na wewe upo."